Sifa za Maji ya Chini ya Ardhi

Maji ya chini ya ardhi ni yale yaliyojaza kila nafasi iliyoko kati ya chembe za mchanga, katika nyufa za mwamba na katika matundu ya matumbawe. Juu ya kimo fulani udongo huwa na hewa na unyevu tu; kuanzia kimo hicho kwenda chini kila tundu limejaa, na shimo lolote linalofika hapo hujaa lenyewe bila kumwagiwa ndoo hata moja. Katika kugawa sifa, maji haya yamepunjwa. Mito imeimbiwa, bahari imetungiwa tenzi, mvua ikikawia watu hutoka uwanjani kuiombea. Maji ya chini hukumbukwa siku yanapotokeza kwenye stoo ya chini kabisa ya ghorofa, katikati ya maboksi ya bidhaa, na hata siku hiyo hukumbukwa kwa lugha isiyoandikika. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Kwa kipimo hicho, wenye vyumba vya chini ya ardhi kuanzia Upanga hadi Msasani ndio wenye haki ya kwanza ya kuyasifu, na kwa kuwa hawajaitumia, haki hiyo itatumiwa hapa kwa niaba yao.

Jambo la kwanza la kusifiwa ni adabu yake ya kutunza majira. Dar es Salaam maji haya hupanda wakati wa masika, Machi hadi Mei, na hushuka polepole miezi ya ukavu. Hayaji siku ya mvua kubwa yakaondoka kesho yake kama maji ya mtaroni. Huchukua muda kupenya, na mara nyingi hufika kwenye sakafu ya chini baada ya jua kurudi, wakati mwenye nyumba amekwisha kuwaambia majirani kwamba mwaka huu amesalimika. Karibu na ufuo huitii pia bahari. Maji yakijaa nayo hupanda, yakipwa hushuka, kwa kuchelewa kidogo na kwa kimo kinachopungua kadiri mtu anavyokwenda bara. Mwamba wa matumbawe wenye matundu huyapitisha kwa wepesi kuliko mfinyanzi, hivyo chumba kilichochimbwa ndani yake jirani na pwani kinaweza kulowa siku za bamvua na kukauka siku za maji mafu. Mvuvi angeielewa ratiba hiyo mara moja. Mkandarasi aliyechimba shimo la majaribio siku moja tu, tena saa ya maji kupwa mwezi Februari, ataielewa baadaye kidogo.

Nguvu zake hazina kishindo. Kila mita moja ya kina huongeza kanieneo ya kilopaskali 9.8, yaani karibu tani moja kwa kila mita ya mraba, na kanieneo hiyo haijali wingi wa maji yenyewe. Utando wa maji wenye unene wa kidole, uliobanwa kati ya ukuta na mwamba, husukuma ukuta sawasawa na ziwa zima la kina hicho hicho. Tena husukuma kila upande: kutoka ubavuni, na kutoka chini kwenda juu. Archimedes wa Sirakusa aliieleza hesabu yake katika karne ya 3 KK, na tangu hapo haijabadilishwa hata na wenye vibali.

Sakafu ya mita 10 kwa 20 iliyoko mita 3 chini ya kimo cha maji huinuliwa kwa nguvu ya tani 600. Zege la unene wa sentimita 30 katika sakafu hiyo lina uzito wa tani 144. Tani 456 zilizobaki lazima zizuiwe na kitu: ama uzito wa ghorofa zilizo juu, ama nguzo na nyaya za chuma zilizozamishwa ardhini kuishikilia sakafu isiondoke. Jengo likishakamilika mambo hugeuka kuwa mazuri, kwa kuwa maji huwa yamebeba sehemu ya mzigo wake, mchana na usiku, bila kudai mshahara. Hatari iko utotoni mwa jengo, pale sakafu imemwagwa na kuta zimesimama lakini ghorofa za juu bado ni ramani. Wakati huo pampu za kushusha maji hazizimwi hata kwa saa chache za kubana matumizi ya dizeli. Wahandisi hutaka uzito wa jengo uuzidi msukumo wa maji kwa asilimia 10 hivi au zaidi kabla hawajaruhusu pampu zipumzike. Mhasibu wa mradi, ambaye hajasikia habari za Archimedes, hutaka zipumzike mapema.

Lakini ni katika ukaguzi ambapo maji haya hayana mpinzani. Mkaguzi wa kibinadamu huja na gari, hupita mara moja, hunywa soda, huweka sahihi. Maji ya chini hukagua jengo zima saa 24, na hayakubali soda. Hugundua mahali zege halikushindiliwa vizuri likaacha matundu kati ya kokoto. Hugundua kiungo cha sakafu na ukuta, pale umwagaji uliposimama Ijumaa na kuendelea Jumatatu juu ya vumbi na maranda ya mbao. Hugundua tundu la waya uliofungia mbao, bomba la maji machafu lililotobozwa ukutani baada ya mtu kulisahau kwenye ramani, na ufa mwembamba unaotokana na zege kukaukia juani bila kumwagiwa maji. Hakuna jengo ambalo limewahi kusamehewa kosa kwa sababu mwenye nyumba ni mtu mkubwa.

Ripoti yake huandikwa ukutani, kwa utaratibu unaosomeka. Kwanza rangi huvimba na kutoa malengelenge. Kisha hutokea unga mweupe: ni chumvi na chokaa ambazo maji yameziyeyusha ndani ya ukuta na kuziacha yalipokauka. Hufuata lipu kubanduka vipande, harufu ya uvundo, koga jeusi pembeni. Ukurasa wa mwisho ni mstari wa kutu kwenye zege, ishara kwamba nondo zimeanza kuliwa. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hupasua zege kutoka ndani na kuyafungulia maji mlango mpana zaidi. Mwenye kusoma ukurasa wa kwanza hutumia pesa kidogo. Wengi husubiri huo wa mwisho.

Haki inataka isemwe pia kwamba maji haya husingiziwa. Hewa ya pwani ina mvuke mwingi, na chumba cha chini chenye kiyoyozi huwa na kuta baridi. Mvuke hugeuka matone ukutani na lawama huangukia chini ya ardhi. Uamuzi wa kesi hiyo hauhitaji mtaalamu. Hukatwa kipande cha foili ya jikoni cha ukubwa wa sinia, kikabandikwa ukutani au sakafuni kwa utepe wa gundi kingo zote nne bila kuacha upenyo, kikaachwa siku mbili. Foili ikilowa upande wa chumbani, mkosaji ni hewa, na dawa yake ni feni na dirisha. Ikilowa upande wa ukutani, maji ya chini yamekiri. Madai mengi ya watu wazima yamechukua miaka mahakamani kwa ushahidi hafifu kuliko huo.

Mchango wake kwa biashara nao usidharauliwe. Maduka ya vifaa vya ujenzi yana safu nzima ya makopo yaitwayo kwa jumla dawa ya kuzuia maji, na mengi kati ya hayo hununuliwa baada ya jengo kwisha. Fundi hukwangua rangi, huziba ufa kwa saruji inayoganda haraka, hupaka mikono miwili ya dawa kwa ndani, hulipwa. Ukuta hukauka. Baada ya miezi miwili maji hutokea tena, hatua moja kushoto kwa lile tundu la zamani, yakiwa hayana kinyongo chochote. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta haikuwalenga watu wa vyumba vya chini. Huku mtu anaweza kuziba ufa kwa ndani na bado akajenga ukuta.

Sababu ni nyepesi. Dawa iliyopakwa ndani husukumwa na maji iache ukuta, na mshiko wake peke yake ndio unaoizuia isibanduke. Dawa hiyo hiyo ikipakwa nje, upande wa udongo, husukumwa iukumbatie ukuta, na kadiri maji yanavyozidi ndivyo inavyobanwa zaidi. Kwa maneno mengine, maji yako tayari kufanya kazi ya kushikilia kinga bure kabisa, ilimradi kinga iwekwe upande wao kabla shimo halijafukiwa. Utandazaji wa tabaka la lami au plastiki nje ya ukuta, na utepe wa mpira unaofukiwa katikati ya zege penye kila kiungo, hugharimu kidogo siku jengo linapojengwa. Miaka mitano baadaye, ili kuufikia ukuta huo huo kwa nje, itabidi uvunjwe ukuta wa uzio, maegesho ya magari, na pengine uhusiano na jirani.

Kipaji kikubwa kuliko vyote, hata hivyo, maji haya hukihifadhi kwa ajili ya bwawa la kuogelea. Bwawa lililojaa halina shida: maji ya ndani hukandamiza chini, ya nje husukuma juu, na pande hizo mbili huheshimiana. Bwawa likikaushwa huwa chombo kitupu kilichozamishwa. Anayetaka kuona kwa macho achukue sufuria tupu aikandamize ndani ya beseni la maji. Mkono utaisikia ikikataa, na ikiachiwa itaibuka yenyewe. Bwawa la zege la urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha mita 1.5, lenye kuta na sakafu za sentimita 20, lina uzito wa tani 49 hivi. Likiwa tupu na maji ya nje yamefika ukingoni, husukumwa juu kwa tani 95. Hata hayahitaji kufika huko. Ukiacha msuguano wa udongo, yakipanda sentimita 87 tu juu ya kitako cha bwawa, uzito na msukumo hulingana, na kila sentimita inayoongezeka hapo ni safari. La fibaglasi, jepesi kuliko la zege, huanza safari mapema zaidi.

Namna safari hiyo inavyoandaliwa inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu maji huwashirikisha watu wote wa nyumba. Bwawa lina ufa mdogo. Maji yanayovuja hayaendi mbali. Hujikusanya kwenye mchanga uliorudishiwa pembeni ya bwawa wakati wa ujenzi, ambao mara nyingi umezungukwa na udongo mgumu usiopitisha. Hivyo bwawa lenyewe hulisha maji yatakayoliinua. Mwenye nyumba huona maji yakipungua na hujiuliza kama ni jua au ni ufa. Jibu lake ni ndoo: hujazwa maji, huwekwa kwenye ngazi ya bwawa ili maji ya ndani yalingane na ya nje, huchorwa mstari kwa kalamu ndani ya ndoo na mwingine nje, na pampu ya bwawa huzimwa kwa siku moja nzima. Jua huchukua sawa pande zote mbili. Maji ya bwawa yakishuka kuliko ya ndoo, kuna uvujaji.

Hadi hapo kila mtu ametenda kwa busara. Kisha fundi huitwa, na fundi husema neno ambalo maji yamekuwa yakilisubiri: tukaushe kwanza tuone ufa uko wapi. Mwezi ni Aprili. Pampu huwashwa asubuhi, jioni malumalu za sakafuni zinaonekana zikimeremeta, watu hulala. Usiku upande mmoja hutangulia. Mabomba hukatika, malumalu hupasuka kwa mlio, na vigae vya njia ya kuzunguka bwawa huinuka pamoja na ukingo wake. Kunapopambazuka bwawa halirudi tena chini, maana mchanga na tope vimekwisha kuingia chini yake na kujaza nafasi. Ufa uliokuwa unatafutwa umepatikana, pamoja na mingine mingi. Hakuna fundi aliyewahi kuinua tani 49 za zege kwa usiku mmoja bila kreni, na bado hakuna aliyeyapongeza maji.

Kifaa cha kuzuia maonyesho hayo ni kidogo na cha bei ndogo. Katika shimo la kutolea maji, mahali penye kina kirefu, hufungwa vali inayofunguka pale msukumo wa nje unapozidi wa ndani, ili maji ya chini yaingie bwawani badala ya kulibeba. Mabwawa mengi yanayo. Mengi kati ya hayo pia yaliwahi kukarabatiwa na mtu nadhifu aliyeona tundu lisilopendeza sakafuni akalifunika kwa saruji na malumalu. Kinga ya pili ni bomba la plastiki lenye matundu, lililosimamishwa kando ya bwawa na kufika chini ya kitako chake. Kamba yenye nati ikiteremshwa humo, kimo cha maji hujulikana kwa dakika moja, na pampu ndogo ikizamishwa humo huyashusha kabla bwawa halijaguswa.

Hapo ndipo ilipo siri ya kuishi na maji haya: hayapendi kuzuiwa lakini hayana kiburi cha kukataa njia. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji ya bomba, alichapisha mwaka 1856 majaribio ya kupitisha maji kwenye mchanga, akaonyesha kwamba mtiririko huongezeka sawia na tofauti ya kimo na hutegemea jinsi udongo unavyopitisha. Kokoto hupitisha maji kwa wepesi mara mamilioni kuliko mfinyanzi. Kwa hiyo bomba lenye matundu, lililolazwa kuzunguka msingi kwa mteremko, likazungushiwa kokoto na kitambaa cha kuchujia kisichoruhusu tope kupita, huyavuta maji yote ya jirani bila kutumia nguvu. Hupelekwa kwenye shimo la pampu, na pampu huyatoa nje. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba mvua kubwa na umeme hawapatani, na pampu husimama saa ile ile inapohitajika. Pampu ya pili na jenereta si anasa katika jengo la namna hiyo. Ni sehemu ya msingi wake.

Mtu aliyewahi kuyapa maji haya heshima yaliyostahili ni Charles Garnier, msanifu wa jumba la opera la Paris. Uchimbaji ulipofanyika mwaka 1861 walikutana nayo, na mwaka uliofuata pampu nane za mvuke zilifanya kazi mchana na usiku bila kufaulu kuukausha uwanja. Garnier aliacha kubishana. Alijenga msingi wenye kuta mbili, na chini yake akaweka tangi kubwa la zege lililojazwa maji kwa makusudi, ili uzito na kanieneo ya maji ya ndani vikabiliane na yale ya nje, na ili pawe na akiba ya kuzimia moto. Jumba lilifunguliwa mwaka 1875. Tangi lipo hadi leo, wazimamoto wa Paris hulitumia kufanyia mazoezi, na Gaston Leroux aliligeuza kuwa ziwa la chini ya ardhi katika riwaya yake ya mzuka wa opera ya mwaka 1910. Ni uvujaji wa nadra uliowahi kupata riwaya.

Miji mingine imejifunza kwa njia ndefu. Viwanda vya London vilivuta maji kutoka chini ya jiji hadi, kufikia miaka ya 1960, kimo chake chini ya Trafalgar Square kilikuwa kimeshuka zaidi ya mita 80 chini ya usawa wa bahari. Viwanda vilipofungwa maji yalirudi nyumbani kwao, yakakuta misingi na mahandaki yamejengwa wakati yalipokuwa hayapo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibidi uwekwe mpango wa kuyavuta tena ili yasipande zaidi.

Kuyavuta nako kuna mipaka, hasa pwani. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari yaliyo ndani ya ardhi, na kwa hesabu iliyotolewa na Badon Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na mita 40 hivi zilizo chini yake. Pampu ikishusha ile mita moja, chumvi hupanda kutoka chini kwa kiasi kikubwa zaidi. Anayekausha chumba chake kwa pupa anaweza kuharibu kisima cha jirani na kuziletea nondo zake maji ya chumvi, ambayo huleta kutu haraka kuliko yale aliyoyafukuza. Udongo laini uliopungukiwa maji hushuka pia, na nyumba iliyo juu yake hushuka nao, iwe ya mwenye pampu au ya jirani yake.

Kwa bwawa la Dar es Salaam linalolazimika kukaushwa, wakati mzuri ni Septemba, kabla ya vuli. Kimo cha maji kipimwe kwanza kwenye bomba la pembeni, vali ifunguliwe na kuhakikishwa kuwa haijafunikwa, na bwawa lijazwe tena mara ukarabati unapokauka. Pasipo na bomba wala vali, aitwe mzamiaji aukague ufa ndani ya maji.